Mbwa Wangu Si Mbwa Mwitu

Kwa wiki sita, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, nilitoka nyumbani Kikatiti na ndoo ya lita kumi iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta. Nilivuka barabara kuu ya Arusha–Moshi kabla malori hayajachangamka, nikashuka njia ya vumbi mpaka kwenye machinjio madogo ambayo sitayataja jina, kuchukua mapafu. Vijana wa pale walinizoea wakanipa cheo. "Dada wa mbwa umefika?" Mmoja alikuwa akinitengea mzigo wangu pembeni ya sakafu: mapafu, wengu, kipande cha ini, wakati mwingine koo zima la mbuzi. Nilimlipa elfu mbili, nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikijiona mtu aliyeelimika kuliko kijiji chake.

Naandika haya kwa hasira, na hasira yenyewe inanianza mimi. Lakini haiishii kwangu. Wapo wengi wenye ndoo kama yangu sasa, Arusha mjini, Njiro, Sakina, Usa River, na wengine Dar na Nairobi, vijana wenye digrii na kifurushi cha intaneti, ambao wameaminishwa kwamba kumpikia mbwa ni kumnyanyasa. Nataka kusema nao. Na nikimaliza nao, nina neno pia kwa wale wanaowacheka.

Mbwa wangu anaitwa Bosi. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa. Mwaka jana alianza kujikuna mpaka manyoya ya mgongoni yakapungua. Mama alisema ni viroboto, nikanunue dawa. Mimi nilisema ni lishe. Nilikuwa nimetazama video usiku kucha, na wote waliozungumza humo, wenye sauti za upole na jiko safi nyuma yao, walikuwa na sentensi moja: mbwa ni mbwa mwitu aliyekaa sebuleni. Mrudishie nyama mbichi, mifupa mibichi, viungo vya ndani, naye atarudi kuwa alivyoumbwa. Bosi hajawahi kuiona sebule yetu. Hilo halikunisimamisha.

Nilipomwambia mama kwamba ugali wa Bosi umefika mwisho, aliniangalia muda mrefu.

"Mwanangu, sisi wenyewe nyama tunaila Jumapili."

"Mama, hii si nyama. Ni mapafu."

"Na mapafu watu hawali?"

Sikumjibu. Ninakumbuka nilicheka kidogo, kile kicheko tunachokileta kutoka chuoni likizo ya kwanza na hatukirudishi tena.

Nianze na huyo mbwa mwitu basi, maana hoja yote imesimama mgongoni mwake. Kwanza, kwetu neno lenyewe linatuchanganya. Mtanzania akisema mbwa mwitu anamaanisha yule wa Serengeti na Selous, mwenye madoa na masikio ya duara, ambaye si babu wa Bosi hata kidogo. Wanaomsema kwenye video ni mnyama mwingine, wa nchi za baridi, ambaye hajawahi kukanyaga Meru. Ni kweli kwamba mbwa wa nyumbani ametokana na huyo wa baridi. Lakini ametokana naye kwa maelfu ya miaka ya kukaa jalalani kwetu, akila tulichobakiza. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Erik Axelsson, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha vinasaba vya mbwa na vya huyo mwitu. Kuna jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mwitu anazo nakala 2 tu. Mbwa anazo kati ya 4 na 30. Kwa maneno ya mama yangu: mbwa alizoea ugali zamani. Mwili wake umeandika historia ya kuishi na wakulima, kama wetu ulivyoandika.

Hiyo haina maana kwamba mbwa aishi kwa ugali mtupu. Anahitaji protini na mafuta, na anahitaji kalsiamu. Ukimlisha mtoto wa mbwa nyama tupu bila mifupa wala kirutubisho, mifupa yake itakosa kalsiamu, italainika na kupinda. Hapo hao wa video wako sahihi wanaposema nyama peke yake si mlo. Wako sahihi pia kuhusu mifupa iliyopikwa: mfupa wa kuku uliochemshwa au kuchomwa hupasuka vipande vyenye ncha, na kuna mbwa wamekufa utumbo ukiwa umetobolewa. Sitaki kumnyima mpinzani wangu haki yake. Ninachomnyima ni ule mruko anaoruka, kutoka "mfupa uliopikwa ni hatari" mpaka "kila kibichi ni salama".

Hicho kinachoitwa chakula kibichi kilipata jina na mashabiki mwaka 1993, pale Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, alipotoa kitabu chake Give Your Dog a Bone. Tazama basi kinaliwa wapi. Kinaliwa katika nchi ambako ng'ombe amekaguliwa akiwa hai na akiwa amekufa, ambako kiungo chenye kasoro hakitoki mlango wa mbele wala wa nyuma, ambako nyama hugandishwa kwenye baridi kali kwa siku kadhaa kabla haijafika kwenye bakuli, na mbwa mwenyewe hupewa dawa ya minyoo kwa ratiba. Wanakiita cha asili. Mimi sijaona kitu kinachotegemea umeme na karatasi za serikali kuliko hicho.

Na hata huko bado kinawashinda. Kati ya 2010 na 2012, FDA ya Marekani ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha mbwa na paka kilichokuwa kikiuzwa. Sampuli 15 zilikuwa na salmonela na 32 zilikuwa na listeria aina inayougua watu. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilitoa msimamo wa kutoshauri chakula hicho. Uingereza, mwaka 2019, paka wasiotoka nje ya nyumba waligundulika na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchunguzi ukaelekeza kwenye chakula kibichi cha nyama ya mawindo. Paka wa ndani! Hao ni watu wenye maabara. Mimi nilikuwa na ndoo ya rangi.

Sasa nirudi kwenye ndoo.

Siku ile ya wiki ya sita bwana mifugo alikuwa anapita kwetu kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Ni mtu wa makamo, mwenye pikipiki na kiboksi cha baridi kilichofungwa kwa mpira nyuma. Nilikuwa nyuma ya jiko nakatakata mapafu juu ya gogo. Mtoto wa dada yangu, ana miaka minne, alikuwa amekaa kando yangu akimkuna Bosi tumboni, na Bosi akimlamba mikono mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa najivunia picha ile. Manyoya ya Bosi yalikuwa yameanza kurudi. (Niliikubali dawa ya viroboto ya mama wiki ile ile niliyoanza mapafu. Video hazikunifundisha kutenganisha mambo mawili, na mimi nilisahau kwamba nilifundishwa chuoni.)

Bwana mifugo alisimama akaniangalia mikono.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Mapafu. Nimemhamishia Bosi kwenye chakula cha asili."

Hakucheka. Aliinama akachukua kipande kwa ncha ya kisu. Kwenye pafu kulikuwa na uvimbe mweupe wa duara, ukubwa wa yai la kwale. Nilikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeiona mingine kama huo tangu wiki ya kwanza, na niliudhania kuwa mafuta. Akaupasua. Maji safi yaliruka kama yametoka kwenye puto, na ndani akavuta ngozi nyeupe, laini, kama ute wa yai lililochemshwa kidogo.

"Umempa hivi kwa muda gani?"

"Wiki sita."

Akamtazama mtoto. Halafu akamwita mama.

Nilichojifunza mchana ule, nikiwa nimekaa kwenye kigoda kama mshtakiwa, ni hiki. Kuna mnyoo tegu mdogo mno, urefu wake milimita chache, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa hana habari naye. Hapungui wala hakohoi. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi, yakabaki kwenye majani, kwenye vumbi, kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe na kwenye ulimi unaojilamba. Mbuzi, kondoo au ng'ombe akila majani yale, yai hupasuka ndani yake, kiluwiluwi kikasafiri kwa damu mpaka kwenye ini au pafu, na huko hujenga kifuko cha maji. Ndani ya kifuko hukua vichwa vya minyoo wapya, maelfu, vikisubiri. Vinasubiri mbwa ale pafu hilo likiwa bichi. Akilila, baada ya wiki sita au saba minyoo wamekomaa tumboni mwake na mzunguko umeanza tena.

Wiki sita au saba. Nilihesabu kwa vidole, mbele yake, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mtu anaingiaje? Kama mbuzi anavyoingia. Anameza yai. Mtoto anamkuna mbwa, anatia kidole mdomoni, basi. Ndani yake kifuko kinaota ini au pafu, na kinakua polepole sana, mara nyingi kwa miaka, bila maumivu, mpaka kiwe kikubwa cha kusukuma viungo vingine. Kikipasuka ndani kinaweza kuua. Wataalamu wanaita mnyoo huyu ekinokokasi, na Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wake kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Tiba yake kwa mtu ni vidonge vya albendazo kwa muda mrefu, au upasuaji, au vyote viwili.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga mkononi. Akasema kwa sauti ya chini, "Kama ya babu yako."

Babu yangu mzaa mama alichunga mbuzi wa baba yake kule chini kwenye tambarare, upande wa Mbuguni, tangu akiwa mdogo mpaka alipooa. Alipofikisha miaka sitini hivi tumbo lilianza kuvimba upande wa kulia. Kwanza walisema vidonda vya tumbo. Halafu walisema pombe, ingawa alikuwa hanywi. Halafu, kama inavyokuwa, walianza kutaja jina la jirani. Mwisho alipelekwa hospitali kubwa, akapasuliwa, na mjomba aliyekuwa naye alirudi akisimulia kwamba wametoa mabonge ya maji, "kama zabibu nyeupe", beseni zima. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisikia neno zabibu, nikaona ni hadithi ya watu wazima. Jirani yule hatukuwahi kumwomba radhi. Amekwisha kufa, na babu pia, baada ya miaka mingine kumi na moja aliyoishi na kovu refu ubavuni.

Kwa hiyo mimi, mjukuu wa mtu aliyebeba mnyoo huyu nusu ya maisha yake, mwenye digrii, mwenye simu ya kunitajia bei ya kahawa New York, nilimbebea mnyoo huyo nyumbani kwenye ndoo, nikamlisha mbwa kwa mkono wangu, mbele ya mtoto.

Ndiyo maana nasema hasira inanianza mimi.

Sasa zamu ya wanaocheka. Nilipoanza kuisimulia habari hii, wengi pale sokoni walipiga makofi kwa furaha. "Mambo ya wazungu hayo! Nani alimwambia mbwa anakula mbichi?" Nawauliza: sikukuu ya Krismasi, mbuzi akichinjwa chini ya mgomba nyuma ya nyumba, mapafu yenye vidoa yanakwenda wapi? Tunayatupa hewani na mbwa anayadaka kabla hayajafika chini, tunacheka. Msibani, harusini, kwenye kipaimara, hivyo hivyo. Pale kwenye machinjio yangu, mbwa kumi na zaidi hulala nje ya uzio wakisubiri, na uzio wenyewe una matundu ya kupita ndama. Wapo hata wanaoamini kwamba nyama mbichi humfanya mbwa awe mkali kwa wezi, na humrushia damu makusudi. Chakula kibichi hakikuletwa Meru na video. Tulikuwa nacho siku zote. Hatukuwa na jina lake la kupendeza tu. Mimi nilichofanya ni kukipa jina na kukilipia elfu mbili.

Na kijana aliyenitengea mzigo ule? Sikumwendea kwa ugomvi, nilikwenda kwa swali. Alinijibu bila kuficha chochote: viungo vilivyokataliwa vinapaswa kuzikwa, shimo limejaa, na dada wa mbwa analipa. Angefanya nini? Ukaguzi ulikuwa umefanya kazi yake. Mkaguzi aliliona lile pafu, akalikata, akalitupa kando, lisifike kwa mtu. Mimi ndiye niliyeligeuza likarudi kwa mtu kwa njia ya mbwa.

Wanaodai kwamba haya ni makubwa mno kwetu, kwamba mnyoo ni wa Mungu na mbwa ni wa wote, wasikilize habari mbili. Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwa miaka mingi ilihesabiwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani kwa ugonjwa huu. Mbwa kule waliishi na watu ndani ya kibanda, wakila mabaki ya machinjo, na maji ya kunawa yalikuwa ya kubebwa kichwani. AMREF ilipeleka madaktari wa upasuaji, halafu katika miaka ya 1980 ikaanza mpango wa kudhibiti: kuwapa mbwa dawa, kupunguza mbwa wasio na wenyewe, kuwafundisha watu, kupima matumbo kwa altrasaundi hadi kijijini. Kazi ngumu, na haikwisha kwa mwaka mmoja.

Habari ya pili ni ya Iceland, kisiwa cha kondoo na baridi. Katika karne ya 19 ugonjwa huu uliwasumbua watu wa kule kuliko karibu popote. Katika miaka ya 1860 daktari wa mifugo wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda, akapasua mbwa, akahesabu minyoo, kisha akaandika kijitabu cha kueleza kwa lugha nyepesi mnyoo anavyozunguka na namna ya kumkatia njia. Kikagawiwa bure majumbani. Kwa kuwa watu wa kule walikuwa wasomaji, walikisoma. Sheria zikafuata: viungo vyenye vifuko viharibiwe, mbwa wapewe dawa. Vizazi vichache baadaye ugonjwa ulikuwa umetoweka kisiwani. Wewe unayesoma gazeti la fasihi kwenye simu yako na kujiuliza kama maandishi yana kazi yoyote duniani, kumbuka kijitabu kile. Halafu kumbuka kwamba mimi pia niliongozwa na maneno ya watu, na yakanipeleka machinjioni na ndoo.

Kuna jambo jingine la kwetu, ambalo hakuna mtu wa video angeweza kulijua. Cheka nikucheke, meno yangu ni ya kahawia. Nilipofika Dar kusoma, mtu wa kwanza kuniuliza nimetoka wapi alijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo vizuri: "Arusha, eh?" Maji ya mlima wetu yana floridi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na mito na chemchemi kadhaa za Meru hukipita mara nyingi. Si bure kwamba pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji, na watu wa huku tumekuwa tukiisikia habari ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa tangu utotoni. Floridi hukaa kwenye mifupa na meno. Ng'ombe wa Kikatiti anakunywa maji yale yale niliyokunywa mimi. Sasa mwalimu wa Australia ananiambia msingi wa mlo wa mbwa uwe mfupa, mfupa, mfupa. Mfupa wa nani, mzee? Wa ng'ombe gani, aliyekunywa mto upi? Mlo hauna anwani ya dunia nzima. Una kijiji, maji na udongo wake.

Najua mtakachonijibu, maana nilikuwa nakijibu mwenyewe. "Mimi nanunua bucha yenye muhuri, si machinjio ya vichochoroni." Vizuri. Muhuri ule unasema nyama hii inafaa kupikwa na binadamu. Hakuna mkaguzi aliyekuahidi kwamba inafaa kuliwa mbichi na mnyama anayelamba uso wa mwanao. "Mimi nina friza." Vizuri zaidi. Umeme ukikatika saa nane, friza yako ni kabati. "Mbwa wangu hajawahi kuugua." Ndivyo ilivyo! Mbwa haugui mnyoo huyu. Anayeugua ni mwingine, na atakapoanza kuugua hutakumbuka ulimlisha nini mbwa mwaka gani. "Kampuni za chakula cha mifuko zinatudanganya." Huenda. Bosi hajawahi kula chakula cha mfuko, hivyo ugomvi huo hautuhusu. Kati ya mfuko wa madukani na pafu bichi kuna kitu kinaitwa sufuria, na tumekuwa nacho muda mrefu.

Kwa hiyo nimerudi kwenye sufuria. Bosi sasa anakula unga wa dona uliopikwa na dagaa, mboga za majani tukiwa nazo, na mapafu au makongoro kutoka kwenye bucha, yaliyochemka kwa nguvu zaidi ya nusu saa. Mifupa ya kuku hapewi. Kila baada ya miezi mitatu anapewa kidonge cha prazikwanteli, dawa ile ile inayojulikana shuleni kwa kichocho, kwa kipimo anachokisema bwana mifugo na si mimi. Kinyesi chake nakizika. Bustani ya mchicha ina uzio, na mchicha wenyewe unaoshwa kwa maji mengi. Mtoto ananawa kwa sabuni akitoka kucheza, na nimekuwa askari wa jambo hilo mpaka ameanza kunikimbia.

Kule machinjioni tumechimba shimo jipya. Sisemi "tumechimba" kwa mapambo: nilichangia elfu hamsini, kaka zangu wawili walishika sululu, na mwenyekiti wa kitongoji alileta mfuniko wa bati. Mbwa bado wanalala nje ya uzio. Matundu mawili tumeyaziba, bado mengine. Wanaoniita dada wa mbwa hawajaacha, na nimeacha kukasirika.

Kuhusu mtoto, hakuna la kusema. Bwana mifugo alisema nafasi ni ndogo: mbwa alipata dawa mapema, huenda minyoo hawakuwa wamekomaa. Daktari wa watoto alimpima kwa altrasaundi na hakuona kitu, akatuambia kwamba mapema hivi kutoona kitu hakutuambii mengi, tumrudishe baada ya mwaka, na tena baada ya mwaka. Dada yangu alinisikiliza mpaka mwisho nilipomweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa," akamchukua mwanawe mgongoni, na kwa miezi miwili hakumleta kwetu.

Jumapili iliyopita alimleta. Mtoto alimkimbilia Bosi kama kawaida, akasimama hatua mbili kabla ya kumfikia, akageuka kunitazama mimi usoni kuuliza kama anaruhusiwa.